JE, KUANDIKA YASIYOELEWEKA NI DHULUMA?



Mtu apokeapo barua akaisoma mara mbili tatu asiielewe, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kujilaumu. Hudhani kwamba elimu yake haitoshi. Huikunja barua ile, akaitia mfukoni, akaenda kumtafuta karani au mtoto wa shule amfafanulie. Ni mara chache mno aseme, "Aliyeiandika hakuifanya kazi yake." Twamheshimu sana mwandishi, na hasa akiwa na mhuri, hata twaliona giza lililomo katika maandishi yake kuwa ni alama ya ukubwa wake.

Katika makala haya nataka kuligeuza swali hilo. Nauliza: mtu aandikaye jambo limhusulo mwenziwe, kwa maneno ambayo mwenziwe hawezi kuyaelewa, hali yeye mwenyewe angeweza kuyasema wazi, je, amemdhulumu au hakumdhulumu? Wako watakaosema kwamba swali hili ni la walimu wa lugha, wala halihusiani na maadili. Lakini dhuluma ni nini, ila kumnyima mtu kilicho haki yake? Na ikiwa ujuzi wa jambo litakalompata ni haki yake, basi anayeuficha ujuzi huo nyuma ya maneno amemnyima kitu, kama vile angekificha kitu hicho nyuma ya mlango.

Tuanze na mtu ambaye jina lake limegeuzwa kuwa methali. Katika Tanzania, mkataba wowote mbaya, ambao taifa au mtu ametia sahihi akapoteza mali yake, watu huuita "mkataba wa Mangungo". Mangungo alikuwa mtawala wa Msovero katika Usagara, sehemu ambayo leo imo katika wilaya ya Kilosa. Mwezi wa Novemba 1884 alifikiwa na Mjerumani Carl Peters, ambaye alitoka Unguja pamoja na wenzake wachache, akawa anazunguka katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watawala juu ya karatasi. Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kijerumani. Ile ya Msovero ilisema kwamba Mangungo anaitoa nchi yake pamoja na haki zote za utawala, ili itumiwe na chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Hivyo ndivyo ulivyoanza utawala wa Wajerumani katika bara la Tanganyika.

Sasa, yatupasa tujiulize kwa nini mithali hii yamcheka Mangungo. Watu husema alikuwa mjinga, kwa kuwa alitia alama juu ya jambo asilolijua. Lakini tazama walivyokuwa watu wale wawili. Mmoja alijua kila neno lililo katika karatasi, alijua kwamba mwenziwe halijui hata moja, na alijua kwamba mwenziwe hapati kwalo faida yoyote. Wa pili alimpokea mgeni kama mgeni. Tukimlaumu wa pili na kumsahau wa kwanza, tumeifundisha dunia kwamba kosa ni la anayedanganywa. Mimi naona kwamba ingalikuwa haki zaidi kuuita mkataba wa namna hiyo mkataba wa Peters.

Pengine utasema, "Hayo yalitokea kwa sababu Mangungo hakusoma." Haya, tumtazame mfalme aliyekuwa na makarani wake, na lugha yenye maandishi ya tangu karne nyingi. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik II wa Ethiopia alifanya mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhara na Kiitalia. Sharti la 17 katika Kiamhara lilisema kwamba Mfalme aweza, akipenda, kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Katika Kiitalia sharti lilo hilo lilimaanisha kwamba amekubali kuitumia. Na kwa tafsiri hiyo Italia ikayatangazia mataifa ya Ulaya kuwa Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik alipomwandikia Malkia Victoria barua yeye mwenyewe, jibu lililomrudia lilikuwa kwamba mambo yake yapitie Italia. Akaukataa mkataba, na mwaka 1893 akautangaza kuwa umebatilika. Mwisho wake ulikuwa vita ya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambamo maelfu ya watu wa pande zote mbili waliuawa, na jeshi la Italia likashindwa vibaya. Tofauti ya "aweza" na "amekubali" ililipwa kwa damu.

Katika mifano hii miwili lipo jambo la kuzingatia. Kijerumani cha Peters huenda kilikuwa fasaha, na sharti la 17 lilikuwa wazi kabisa katika kila lugha kwa upande wake. Maandishi, basi, hayawi wazi peke yake kama maji yalivyo maangavu yakiwa peke yake chomboni. Huwa wazi kwa mtu fulani. Kwa hiyo mtu asemaye, "Mimi nimeandika sawasawa, shauri lao kama hawaelewi," hajajibu chochote. Ameandika sawasawa kwa nani? Muuguzi aandikaye "1 x 3" juu ya bahasha ya dawa ameandika sawasawa kwa muuguzi mwenziwe. Kwa bibi aliyetoka kijijini, alama hizo zaweza kuwa kidonge kimoja mara tatu, au vidonge vitatu kwa mara moja; na hata akiambiwa "kutwa mara tatu", haijulikani kama usiku umo au haumo. Kuandika "kidonge kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja wakati wa kulala" kwamgharimu mwandishi maneno machache tu. Kukosa maneno hayo kwaweza kumgharimu bibi yule afya yake.

Waislamu hawana udhuru wa kuliona jambo hili kuwa dogo, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo imo katika Sura Al-Baqara, si juu ya sala wala funga wala hija. Ni juu ya kuandika deni. Watu wengi waisomapo hushangaa kidogo: maneno mengi namna hiyo juu ya karatasi ya mkopo! Lakini tazama yaliyomo. Waumini wanaamrishwa wakopeshanapo kwa muda maalum waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika, kwa kuwa elimu hiyo ni Mungu aliyemfundisha. Wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Wawepo mashahidi.

Na katikati ya maagizo hayo limo moja ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili. Ni nani atakayemtajia mwandishi maneno ya kuandika? Desturi ya dunia nzima ni kwamba mwenye fedha ndiye asemaye, na mwenye shida hutia sahihi. Kurani yasema kinyume chake: aseme yule ambaye deni liko juu yake. Na kama yeye ni mpungufu wa akili, au dhaifu, au hawezi kueleza, basi msimamizi wake aseme badala yake kwa uadilifu. Fikiri, ndugu yangu, nini maana ya jambo hili. Mtu hawezi kuyataja kwa kinywa chake mwenyewe masharti asiyoyaelewa. Kwa kuyataja anaonyesha mbele ya mashahidi kwamba anayajua, na mkopeshaji hana nafasi ya kuingiza neno la hila. Uwazi haukuachiwa wema wa mwenye nguvu; umefungwa ndani ya utaratibu wenyewe.

Linganisha na desturi ya siku hizi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hukopa kwa simu yake usiku. Masharti marefu yaliyoandikwa na mkopeshaji hufunguka katika kioo kisichozidi kiganja cha mkono, tena mara nyingi kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake, naye huulizwa swali moja tu: Unakubali? Hubonyeza, akakubali. Kisheria amekubali. Lakini kama tukimwita mbele ya mashahidi wawili na kumwambia, "Haya, taja ulichokikubali," angetaja nini? Angejua kiasi alichopokea, na labda siku ya kulipa. Tusiseme kwamba amepewa habari kwa sababu habari ilikuwapo. Hata kitabu kilichofungwa kina habari.

Yawezekana mtu akauliza: ikiwa uwazi ni jambo jema na rahisi, mbona watu hawauandami? Jibu ni kwamba si rahisi. Kwanza una kazi. Mwandishi Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, aliwaomba radhi wasomaji wa barua yake kwa kuwa ilikuwa ndefu. Udhuru wake ni kwamba hakupata nafasi ya kuifanya fupi. Ndivyo ilivyo. Kila andiko lina kazi ya kuelewesha ambayo hapana budi mtu aifanye, ama mwandishi mara moja, ama wasomaji wote, kila mmoja kwa nafsi yake. Tuseme waraka umepelekwa kwa watu 300, na kila mmoja apoteza dakika 5 akitafuta maana yake. Hizo ni dakika 1,500, yaani saa 25 za watu wengine zilizotumika ili mtu mmoja aokoe nusu saa yake. Winston Churchill, alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitoa waraka tarehe 9 Agosti 1940, wakati ndege za adui zilipokuwa zikiishambulia nchi yake, akiwataka maofisa wa serikali waandike taarifa fupi na za maneno ya kawaida. Mtu yule alikuwa na mengi ya kushughulikia siku zile, lakini aliona kwamba hili nalo haliwezi kungoja.

Lakini uvivu ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba neno lililo wazi humfunga mwenye kulisema. Ukiandika, "Nitakulipa shilingi elfu hamsini siku ya Ijumaa," Ijumaa yaja, na barua yako i mkononi mwa mwenzio. Ukiandika, "Suala lako linashughulikiwa, na hatua zinazofaa zitachukuliwa kwa wakati unaofaa," hakuna Ijumaa itakayokushitaki.

Hapa ndipo naukumbuka mkataba wa Hudaybiyya, uliofanywa mwaka 628 baina ya Mtukufu Mtume Muhammad, s.a.w., na Makureshi wa Makka. Mwandishi alikuwa Ali, r.a. Maneno "Muhammad, Mtume wa Mungu" yalipoandikwa, mjumbe wa Makka, Suhail bin Amr, alipinga, akasema kwamba lau wao wangelimkubali kuwa Mtume wasingelipigana naye. Masahaba walichukizwa sana. Lakini Mtume, s.a.w., aliamuru maneno hayo yafutwe, yaandikwe badala yake jina lake na la baba yake. Hakuacha kuwa Mtume kwa kufuta herufi hizo. Alichokataa ni kumtilisha mwenziwe sahihi juu ya neno ambalo mwenziwe hakulikubali. Peters alitafuta alama ya mtu asiyejua. Huku adui wa vita apewa karatasi isiyo na neno hata moja la kumnasa.

Kisha ukaja mtihani wa uwazi wenyewe. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mtu wa Makka atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake atarudishwa. Kabla mambo hayajakwisha, akatokea Abu Jandal, mwana wa yule yule Suhail, akiburura minyororo aliyofungiwa kwa sababu ya Uislamu wake, akiomba asirudishwe. Kama sharti lile lingaliandikwa kwa maneno ya kuzunguka, yenye kukubali tafsiri mbili tatu, ingaliwezekana kumchukua Abu Jandal na kuanza mabishano. Sharti lilikuwa wazi, na kijana yule akarudishwa, na Waislamu wakahuzunika sana. Asemaye kwamba uwazi ni jambo la urembo wa lugha, na alisome tukio hili kwa makini. Neno wazi lina gharama, na mara nyingine gharama hiyo humwangukia asiyestahili. Lakini bila ya kuwa tayari kuilipa gharama hiyo, ahadi ya mtu haina thamani kwa rafiki wala kwa adui.

Tuje sasa katika maandishi yetu ya kila siku. Kiswahili, kama lugha nyingine, kina mlango wa nyuma wa kutokea mtu asiyetaka kuonekana. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi, "Nimevunja kikombe." Husema, "Kikombe kimevunjika." Mtu aliyechelewa kituoni husema, "Basi limeniacha," kana kwamba basi ndilo lililofanya kosa. Twacheka, kwani hapana aliyedhurika ila kikombe. Lakini mtoto yule akikua akawa mweka hazina, huandika katika taarifa, "Fedha zimepotea." Fedha hazina miguu. Na akiwa mkubwa wa ofisi huandika, "Imeamuliwa," "Imeonekana," "Imebidi." Ni nani aliyeamua? Nani aliyeona? Nimwendee nani nikitaka kulalamika? Sisemi kwamba vitenzi vya namna hii ni haramu. Vina mahali pake, na mara nyingine kwa kweli hatumjui mtendaji. Nasema kwamba, uandikapo kitenzi kama hicho, jiulize kama humjui mtendaji au humtaki ajulikane.

Nitatoa mfano niliouunda mwenyewe, ingawa sidhani kama utakuwa mgeni kwako. Tangazo limebandikwa kisimani: "Kufuatia kutokamilika kwa zoezi la ulipaji wa malipo ya huduma ya maji kwa baadhi ya watumiaji, utekelezaji wa hatua stahiki utafanyika kwa wahusika katika muda uliopangwa." Mama mwenye ndoo kichwani ataelewa nini? Ataelewa kwamba wakubwa wamekasirika. Lau aliyeliandika angalisema, "Asiyelipa ada ya maji kufikia tarehe 30 Juni atakatiwa maji. Mlipe mweka hazina, Jumatatu hadi Ijumaa. Usipoweza kulipa yote, njoo tuzungumze kabla ya tarehe hiyo," kila mtu angalijua la kufanya. Lakini tazama: tangazo la pili lamlazimisha mwandishi kuwapo ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, na kuzungumza na maskini. La kwanza halimlazimishi kitu. Ndiyo maana la kwanza ndilo lipendwalo.

Wako watakaopinga wakisema kwamba maneno mepesi huondoa heshima. Hawa huchanganya heshima na uzito. Barua ya Kiswahili ina adabu zake, salamu zake, na kuwauliza hali wazee na watoto, nami sipendi mambo hayo yaachwe. Barua isiyo na salamu ni kama mgeni aingiaye bila hodi. Lakini baada ya salamu lipo jambo, na jambo lenyewe halipati heshima kwa kufunikwa. Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, hakuomba apewe maneno makubwa ya kumstahi mfalme. Aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, ili watu wafahamu asemayo. Na Kurani yatuambia kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie.

Wengine watauliza juu ya mafumbo. Je, washairi wetu walikuwa madhalimu? Muyaka wa Mombasa na waliojibizana naye walifumbiana mambo mazito. Hapana, hawakuwa madhalimu, kwa sababu fumbo la mshairi ni mwaliko. Msikilizaji ajua kuwa ni fumbo, na raha yake ni kulifumbua. Akishindwa leo, atalifumbua kesho, wala hapotezi shamba lake. Hali kadhalika maneno ya kanga. (Jirani aliyevaliwa kanga yenye maneno makali hawezi kwenda kushitaki, na hiyo ndiyo hila yake. Sisemi kwamba ni tabia njema. Lakini aliyevaliwa huelewa vizuri sana, kwa hiyo hatuwezi kuilaumu kanga kwa kukosa uwazi.) Ila ukiingiza fumbo katika hati ya nyumba, umeingiza mchezo mahali ambapo mwenzio hakujua kwamba mnacheza.

Upinzani ulio mgumu kuliko yote ni ule wa huruma. Zamani za telegramu, mtu aliyekuwa mbali akifiwa na mama yake, mara nyingi hakuandikiwa kwamba mama amekufa. Aliandikiwa: "Mama mgonjwa sana, njoo upesi." Walioandika hivyo hawakuwa waongo wa kutafuta faida. Walimwogopea safari ndefu peke yake na habari ile kifuani. Je, waliandika vema? Nimelifikiri jambo hili sana, na naona kwamba huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini tazama lililotokea baadaye. Baada ya miaka kadhaa kila mtu alijua maana ya maneno yale. Basi ikawa hata yule ambaye mama yake kweli ni mgonjwa tu, na yuko hai, na anamwita, alisafiri njia nzima akilia maiti. Na mwingine, aliyeamini maneno kama yalivyoandikwa, alitumia fedha zake kununua dawa na matunda, akafika akakuta matanga. Neno likitumiwa kuficha, hata kwa wema, hupoteza nguvu yake ya kusema kweli linapohitajiwa. Nadhani ingalikuwa huruma bora kumwandikia jamaa au jirani aliye karibu naye, na kumwambia habari yote wazi, ili amwendee, akae naye, amwambie kwa mdomo.

Uko ushahidi kwamba mambo ya elimu yaweza kusemwa kwa maneno ya watu wote. Mwaka 1973 palifanywa katika Tanzania kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Palikuwa na vipindi vya redio, na vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejifunza kusoma. Watu wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya. Habari zenyewe zilikuwa za malaria, kuhara damu, kichocho: mambo ambayo madaktari huyasoma kwa miaka. Hakuna aliyewafundisha wakulima jina la Kilatini la mdudu. Waliambiwa mdudu yuko wapi, aingiaje mwilini, na choo kichimbwe vipi. Na vyoo vikachimbwa kwa maelfu mengi. Kuijua elimu na kuweza kuisema wazi si kitu kimoja, lakini ashindwaye kuisema kwa namna yoyote nyepesi, mara nyingi hajaijua vya kutosha yeye mwenyewe.

Na sasa nasema nawe, ndugu unayeitafuta dini ya haki, au uliyeingia katika dini si zamani. Utakutana na watu wengi watakaokuandikia na kukuhubiria. Shehe, au padre, au mwandishi wa kurasa kama hizi, akikuambia neno usilolielewa, usione haya kumwuliza, "Maana yake nini?" Akikujibu kwa neno jingine gumu zaidi, uliza tena. Akikasirika, hapo umejifunza jambo juu yake. Yako mambo ya dini yaliyo makubwa kuliko akili zetu, na mwalimu mwaminifu atakuambia wazi, "Hapa ndipo ujuzi wangu unapokoma." Hilo nalo ni neno wazi. Lakini wajibu wa mtu, anachotakiwa kuamini, anachotakiwa kuacha, anachotakiwa kutoa, hayo hayana sababu ya kufichwa. Wewe ndiwe utakayeulizwa juu ya ahadi uliyoitoa. Ni haki yako kuijua kabla ya kuitoa.

Na wewe utakapoandika, hata kama ni barua ya kuomba kibali cha harusi, au taarifa ya fedha za jumuiya, au ujumbe mfupi wa simu wa kumwambia mtu mkutane saa mbili, fikiri kwanza ni nani atakayeisoma. Saa mbili ya asubuhi au ya usiku? Mahali gani? Nje ya posta za miji yetu zamani walikaa waandishi wa barua, na meza zao ndogo, wakiwaandikia wasiojua kusoma kwa malipo kidogo. Mwandishi mwema miongoni mwao hakuifunga bahasha mara tu amalizapo. Aliishika karatasi, akamsomea mwenye barua neno kwa neno, kisha akamwuliza, "Ndivyo ulivyotaka kusema?" Mzee akitikisa kichwa kukataa, alichukua karatasi nyingine akaanza upya.